Sura ya Tano: Kioo cha Kompyuta Chini ya Jua la Utosini

Uchovu wa macho unaoletwa na kompyuta haupaswi kuhesabiwa kuwa ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja, kwa maana jina hilo hukusanya malalamiko ya aina tatu ambayo mfanyakazi huyahisi kwa pamoja jioni inapofika. La kwanza ni ukavu, yaani macho kuwasha na kuchoma kana kwamba yameingiwa na mchanga. La pili ni kuchoka kwa msuli wa siliari, msuli mdogo unaoizunguka lenzi ya jicho, ambao hukazika kila mara mtu anapotazama kitu cha karibu na kulegea anapotazama mbali. La tatu ni maumivu ya kichwa yatokanayo na mwanga wenyewe, ama kwa kuwa umezidi, ama kwa kuwa umepungua, ama kwa kuwa unawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni ingawa ubongo unaipokea. Anayetafuta kioo cha kompyuta kitakachompunguzia adha hiyo bila kuyatenganisha malalamiko haya huishia kununua dawa ya tatizo asilokuwa nalo, na kwa fedha ambayo katika miji ya Uganda kama Jinja na Mbale haipatikani kwa urahisi mara ya pili.

Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu jambo hili umeandikwa kwa ajili ya ofisi za nchi za baridi, ambako kwa miezi kadhaa taa huwaka tangu asubuhi hadi jioni na dirisha huleta mwanga hafifu. Jinja iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na Mbale imepita digrii moja kidogo tu. Mchana wa huko hukaribia saa kumi na mbili mwaka mzima, na adhuhuri jua husimama karibu na utosi. Matokeo yake ni kwamba dirisha linalotazama kaskazini au kusini hulindwa vyema na paa lililochomoza kidogo tu, kwa sababu jua la huko halishuki sana upande wowote kati ya hizo mbili, ilhali dirisha la mashariki na la magharibi hupigwa na miale ya chini ambayo hakuna paa linaloweza kuizuia. Wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga maduka ya zamani ya Main Street mjini Jinja waliyawekea vibaraza vyenye paa mbele ya milango, na mpaka leo kibaraza cha namna hiyo humlinda mpiga chapa na jua la adhuhuri kuliko pazia lolote. Mbale ina ulinzi wake wa asili, kwa kuwa genge la Wanale linainuka upande wa mashariki wa mji na kulichelewesha jua la asubuhi. Alasiri haina genge la kuikinga, na mlango unaotazama magharibi hugeuka kuwa taa kubwa isiyozimika mpaka jua lizame.

Ni lazima basi kuanza na kiasi cha mwanga. Wataalamu hupima mwanga unaoangukia juu ya kitu kwa luksi, na mwanga unaotoka kwenye kitu kuelekea jichoni kwa niti; niti moja ni sawa na mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Karatasi nyeupe iliyowekwa mezani katika ofisi yenye luksi 500, kiwango ambacho huhesabiwa kuwa kizuri kwa kazi ya kusoma na kuandika, hurudisha takriban niti 130. Karatasi hiyo hiyo ikisogezwa karibu na mlango ulio wazi, penye luksi 2,000, hurudisha zaidi ya niti 500, na ikitolewa nje kwenye jua kali, penye luksi zinazokaribia 100,000, hufika niti 25,000. Kompyuta za mkononi za kawaida za ofisini huishia kati ya niti 220 na 300 zikiwashwa mwanga wote. Hesabu hii ndogo inaeleza kwa nini karani aliyeketi mlangoni hukunja uso na kuinama mbele hata kompyuta yake ikiwa mpya: mboni zake zimesinyaa kwa ajili ya weupe wa barabara, na kioo kilicho mbele yake kimekuwa kitu cheusi kuliko vyote anavyoviona. Hakuna haja ya chombo cha kupimia. Karatasi nyeupe ikishikiliwa kando ya ukurasa mtupu uliofunguliwa kwenye kioo, vitu hivyo viwili vinatakiwa kukaribiana weupe. Kioo kikionekana kama taa, mwanga umezidi, na kikionekana cha kijivu kama majivu, mwanga umepungua au meza imewekwa mahali pabaya.

Uso wa kioo ndio jambo la pili katika habari ya mwanga. Vioo vinavyong'aa kama maji yaliyotulia hupendwa dukani kwa sababu picha huonekana zenye rangi nzito, lakini uso laini wa namna hiyo hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, na mbingu yenye mawingu meupe, ambayo inaweza kung'aa kwa niti 5,000, itaonekana ndani ya kioo ikiwa na niti 200. Kiasi hicho kinalingana na weupe wa maandishi yenyewe, hivyo jicho hulazimika kuchagua kati ya barua inayochapwa na sura ya dirisha iliyo nyuma ya mchapaji, na uchaguzi huo hufanywa mara elfu kwa siku bila mwenye jicho kujua. Uso uliokwaruzwa kwa makusudi, usiong'aa, huutawanya mwanga huo ukawa ukungu mwepesi badala ya sura kamili. Kwa mtu anayeandika na kusoma, uso usiong'aa ndio wa kuchukua, na hapa hakuna sababu ya kusitasita. Kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi huwa nao mara nyingi kuliko zile zilizotengenezwa kwa ajili ya filamu na michezo. Hata hivyo, kuigeuza meza ili dirisha liwe ubavuni hakugharimu chochote, na kunafaa kutangulia ununuzi wowote.

Jambo linalostahili nafasi kubwa zaidi katika sura hii ni mtetemo wa mwanga, yaani kuwaka na kuzima kusikoonekana, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi bila kutajwa. Katika enzi za kompyuta za kichogo, zile zenye mgongo mnene, mwale wa elektroni ulichora picha upya mara 60 au zaidi kwa sekunde, na waliokuwa wepesi wa kuhisi waliona kabisa weupe ukitetema pembeni mwa jicho. Vioo bapa vya leo havichorwi hivyo. Ndani ya vingi kati ya hivyo mna fuwele za kimiminika zinazofunguka na kufungika kama luva za dirisha, na nyuma yake mna taa inayowaka bila kutegemea uchoraji wa picha. Kwa hiyo idadi ya hezi inayoandikwa kwenye boksi, yaani mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde, haisemi lolote kuhusu mtetemo wa taa ya nyuma, na muuzaji anayedai kwamba hezi nyingi humaanisha raha ya macho anachanganya mambo mawili.

Mtetemo wa vioo bapa hutokea pale mtumiaji anapopunguza mwangaza. Njia rahisi kwa kiwanda ni kuikatiza taa, kwa kuiwasha na kuizima mara 200 au zaidi kwa sekunde, na kadiri muda wa kuzimwa unavyorefushwa ndivyo kioo kinavyoonekana hafifu. Njia ya pili ni kupunguza mkondo wa umeme unaoingia kwenye taa, ili iwake kwa utulivu ikiwa na nguvu ndogo. Jicho halioni tofauti kati ya njia hizi mbili linapotazama mahali pamoja. Likirukaruka kutoka mstari hadi mstari, kama linavyofanya katika kusoma, mwanga uliokatizwa huacha alama nyingi juu ya retina mahali palipotakiwa alama moja. Si watu wote wanaodhurika. Wako wanaofanya kazi miaka mingi mbele ya kioo kinachotetema wasihisi kitu, na wako wanaoumwa kichwa baada ya saa moja. Hawa wa pili wanapaswa kuaminiwa, kwa kuwa hakuna anayejitungia maumivu yanayomkatizia riziki.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka kwenye taa za darini kabla ya vioo bapa kuenea. Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Uingereza Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika ofisini, ambapo taa za tyubu za kawaida zilibadilishwa kwa taa zilizofanana nazo kwa sura lakini zenye kuwaka kwa maelfu ya hezi, bila wafanyakazi kuambiwa ni zipi, na maumivu ya kichwa pamoja na uchovu wa macho yakapungua kwa zaidi ya nusu. Habari hii inaigusa Jinja moja kwa moja. Umeme wa Uganda, ambao kwa miongo mingi ulitegemea bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mjini hapo mwaka 1954, na ambalo kituo chake sasa huitwa Nalubaale, hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na taa isiyo na kifaa cha kuutuliza hufifia na kung'aa mara 100 katika sekunde hiyo. Taa ya tyubu yenye balasti ya chuma, ile ambayo mafundi huiita choki, hufanya hivyo, na balbu nyingi za bei nafuu za LED hufanya vibaya zaidi kwa sababu hazina ule ukawiaji wa kuzima unaobakia katika poda ya tyubu. Mtu anaweza kununua kioo bora kuliko vyote mjini, akakiweka chini ya balbu mbovu, na kichwa kikaendelea kuuma.

Upimaji wa mtetemo unawezekana dukani kwa vitu vilivyomo mfukoni. Mwangaza wa kioo hupunguzwa hadi kufikia karibu robo, ukurasa mweupe mtupu hufunguliwa, kisha kamera ya simu husogezwa sentimita chache mbele yake. Mistari ya giza ikionekana kwenye simu, minene na yenye kutembea, taa inakatizwa. Kwa kuwa simu nyingine hujirekebisha zenyewe na kuificha mistari hiyo, inafaa kutumia kalamu pia. Kalamu hushikwa kwa vidole viwili na kupungwa upesi mbele ya weupe huo, katika chumba kilichotiwa giza kidogo: penye mwanga tulivu kivuli chake huwa ukungu mmoja uliofululiza, na penye mwanga wa kukatizwa huonekana kalamu nyingi zilizopangana kama mapanga ya feni. Jaribio hilo hilo hufaa kwa balbu. Mwenye kioo ambacho tayari kinatetema asikitupe, kwa kuwa vingi huacha kukatizwa mwangaza unapofikishwa asilimia 100. Anaweza kukiacha kwenye kiwango hicho mchana, mahali penye mwanga wa kutosha, na usiku akapunguza weupe kwa kutumia programu inayofifisha rangi bila kuigusa taa.

Kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji hii zimekwisha kutumika ng'ambo, na mitumba ya kompyuta inahitaji jicho la pekee. Mgongoni mwa karibu kila monita, yaani kioo kinachosimama peke yake, pana karatasi ndogo iliyobandikwa yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na karatasi hiyo ina habari zaidi kuliko maneno ya muuzaji. Monita za kabla ya mwaka 2009 hivi kwa kawaida zina taa nyembamba za tyubu ndani yake, ambazo hutetema kwa upole kuliko LED lakini huzeeka, zikawa na umanjano na kupoteza nguvu. Zilizofuata zina LED, na nyingi za miaka ya mwanzo hukatizwa vibaya. Baada ya mwaka 2013, kampuni ya BenQ ilipoanza kutangaza monita zisizotetema na washindani wake wakaifuata, mkondo tulivu umeenea katika monita za mezani. Kwa hiyo monita ya ofisi ya mwaka 2016, yenye uso usiong'aa, mara nyingi ni ununuzi bora kuliko monita mpya ya bei hiyo hiyo.

Mara nyingi pia kosa halimo katika kioo bali katika waya. Kompyuta za mezani za mitumba huunganishwa kwa kebo ya VGA, ile yenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, ambayo hupitisha picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. Monita hulazimika kukisia mwanzo na mwisho wa kila nukta, na ikikosea kidogo tu herufi zote hupata kivuli chembamba ubavuni. Msuli wa siliari hauwezi kuusahihisha ukungu ambao hauko jichoni, lakini hujaribu kutwa nzima. Kuibonyeza swichi ya kujirekebisha iliyo chini ya monita huondoa sehemu ya kivuli hicho, na kebo ya kidijitali, kama HDMI, hukiondoa chote. Kompyuta nayo iwekwe kwenye idadi ya nukta ambazo kioo kiliumbwa nazo, kisha maandishi yakuzwe kwa mpangilio wa kukuza. Kwa mtu aliyeketi sentimita 60 kutoka kioo, herufi kubwa isiwe chini ya milimita 3 na nusu kwa kimo, kipimo ambacho rula ya mwanafunzi inatosha kukithibitisha.

Yote haya hayafai kitu jicho lenyewe likiwa halijaangaliwa. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi huwa ngumu na msuli hushindwa kuikunja, hali iitwayo presbiopia, na Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2019 lilikadiria kuwa watu milioni 826 wanaishi nayo bila miwani ifaayo. Gharama yake si ya macho tu: jaribio lililochapishwa mwaka 2018 miongoni mwa wachuma chai wa Assam, India, lilionyesha kwamba waliopewa miwani ya karibu waliwazidi wenzao kwa takriban asilimia 22 katika uchumaji. Kwa mtumiaji wa kompyuta pana mtego mmoja zaidi, kwa kuwa miwani ya sokoni iliyochaguliwa kwa kusoma kitabu cha umbali wa sentimita 40 huifanya kompyuta ya sentimita 65 iwe na ukungu, na mvaaji husogea mbele mpaka shingo ikalalamika. Inafaa kupima kwa uzi umbali kutoka jichoni hadi kwenye kioo na kuupeleka uzi huo kwa mpimaji. Jinja, ambako matabibu wa macho wa Uganda hufundishwa, haina udhuru wa kukosa ushauri huo.

Ukavu nao hautibiwi na kioo chochote. Wajapani Tsubota na Nakamori walionyesha mwaka 1993 kwamba mtu aliyetulia hupepesa macho mara 22 kwa dakika, anayesoma kitabu mara 10, na anayetazama kompyuta mara 7 tu. Kioo kilichoshushwa chini kidogo ya usawa wa macho husaidia, kwa sababu kope hushuka na kufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho, na feni isielekezwe usoni. Kuhusu miwani ya kuchuja mwanga wa buluu, inayouzwa kwa bidii kubwa, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yaliyokusanya majaribio 17 hayakupata dalili kwamba inapunguza uchovu wa macho, na mbingu ya asubuhi moja juu ya Ziwa Viktoria hummwagia mtu buluu nyingi kuliko kioo chochote.

Iko njia nyingine kabisa, ya kuutumia mwanga wa mahali badala ya kushindana nao. Afrika Mashariki iliiona mapema, kwani kompyuta ndogo za watoto za mradi wa One Laptop per Child, zilizogawiwa kwa wingi nchini Rwanda kuanzia mwaka 2008, zilikuwa na kioo kilichobuniwa na Mary Lou Jepsen ambacho taa yake ya nyuma ikizimwa juani, rangi hutoweka na maandishi yakasomeka meusi juu ya kijivu kwa nuru ya jua lenyewe. Wazo hilo halikuendelezwa ipasavyo katika kompyuta za watu wazima, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa nchi zenye jua tele na umeme wa kukatikakatika. Kinachopatikana leo ni wino wa kielektroniki, uliotokana na maabara ya MIT nchini Marekani na kuenea kupitia kisomeo cha Kindle tangu mwaka 2007: chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji huelea ndani ya vifuko visivyoonekana kwa macho, zikapanda au kushuka kwa kuvutwa na umeme, kisha zikatulia bila taa wala mtetemo. Monita za wino huu zipo, ila ni ghali na nzito kubadilika. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, anayesoma mamia ya kurasa kwa wiki, kisomeo kidogo kilichotumika kinachoachiwa kazi ya kusoma, huku kompyuta ikibaki kwa kuandika tu, humpunguzia macho mzigo kuliko kubadilisha monita.

Mnunuzi wa kioo, akikubaliwa na muuzaji, asifanye uamuzi asubuhi, wakati Wanale bado inaukinga mji wa Mbale na kila kioo kinaonekana kizuri. Afadhali arudi dukani saa kumi alasiri, jua likiwa limeinama upande wa magharibi, aombe monita iwekwe kama itakavyowekwa kwenye meza yake, ashike karatasi nyeupe kando yake, apunge kalamu, kisha asome ukurasa mzima wa maandishi madogo mpaka mwisho, huku akijiangalia kama kiwiliwili chake kimeanza kusogea mbele.